Nani Alimlisha Mtoto wa Baleti?

Mwaka 1913, mjini St. Petersburg, mama mmoja alimpeleka binti yake Tamara kupimwa kwenye shule ya baleti ya mfalme wa Urusi. Aliandamana pia na mwanawe wa kiume, Georgi, wa miaka tisa, ambaye hakuwa na habari na densi. Wazazi walikuwa wamemtafutia nafasi kwenye chuo cha wanamaji wakakuta zimekwisha. Maadamu mtoto amekuja, mama akashauriwa amwingize naye kwenye foleni. Matokeo yalipotoka, dada aliyeletwa kwa nia alikataliwa, na kaka aliyesindikiza akachukuliwa. Inasimuliwa kwamba hakukawia kutoroka. Georgi huyo ndiye George Balanchine, aliyekuja kuanzisha New York City Ballet, na kisa chake husimuliwa kama bahati ya mtende kuota jangwani. Kwangu kinaeleza zaidi namna mlango ule ulivyojengwa. Wapimaji hawakumwuliza Georgi anajua nini wala anapenda nini. Kazi yao ilikuwa kumtafuta mtoto ambaye hazina ya mfalme ingemlisha kwa takriban miaka minane bila kujuta. Hoja yangu ni hiyo: usaili wa baleti ulizaliwa kama hesabu ya mlipaji, na kila mlipaji alipobadilika maana yake iligeuka, ingawa sura yake ilibaki ileile. Mzazi wa leo anayelinganisha shule hii na ile, huku akizungushwa kutoka mchujo mmoja hadi mwingine, anashika barua iliyoandikwa kwa lugha ya kifalme, ilhali bili imeandikwa jina lake.

Shule ya Opera ya Paris ilianza mwaka 1713, katika miaka ya mwisho ya Louis XIV, na ilifundisha bure. Miaka 25 baadaye, mwaka 1738, Malkia Anna wa Urusi alimkubalia mwalimu Mfaransa, Jean-Baptiste Landé, afungue shule ndani ya Jumba la Majira ya Baridi. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 24, wavulana 12 na wasichana 12, watoto wa watumishi wa ikulu. Malkia alitaka burudani ya kudumu, na njia ya uhakika ilikuwa kuwakuza wachezaji wake mwenyewe, kama mtu anayepanda miche yake badala ya kununua matunda sokoni. Kufikia karne ya 19 utaratibu ulikuwa umekomaa. Mtoto alivuliwa nguo za juu, akasimama mbele ya walimu na daktari. Uti wa mgongo ukaangaliwa kama umenyooka, moyo ukasikilizwa, magoti yakashikwashikwa, nyonga zikafunguliwa ili ionekane mguu unageuka kwa nje kiasi gani. Sikio nalo lilijaribiwa kwa muziki. Alichokwisha kujifunza nyumbani hakikuwa na uzito, na huenda kilimharibia, maana tabia mbaya za mwili ni ngumu kufuta. Aliyepita aliwekwa kwenye majaribio kwanza, kisha akawa mtoto wa serikali kamili: bweni, chakula, daktari, sare yenye nembo ya kinubi cha fedha kwenye kola, gari la farasi la kumpeleka jukwaani. Baada ya kuhitimu alitumikia majumba ya maonyesho ya mfalme, na baada ya miaka 20 ya kazi akapata pensheni. Ukiijumlisha gharama hiyo yote utaelewa kwa nini walimpima mtoto kama ndama mnadani, kwa mgongo na miguu.

Katika mpango huo mzazi hakuwa na programu za kuchagua. Anna Pavlova, binti wa mfua nguo, alipelekwa na mama yake mwaka 1890 kutazama baleti ya Mrembo Aliyelala, akarudi nyumbani na azma moja. Shule ikamkataa kwa sababu umri haujatimia. Mama hakuwa na shule ya pili ya kujaribu wala fedha ya mwalimu binafsi. Walisubiri, na mwaka 1891 mtoto akiwa na miaka kumi akapokewa. Kwa mwanamke mwenye kipato kile, usaili ulikuwa kama kupata kazi ya serikali kwa mtoto: mdomo mmoja unapungua mezani, na uzee wa binti una pensheni. Kukataliwa kulimaanisha kwamba hazina imeamua kutokubeba mzigo huo, basi.

Hapa lazima nijikinge dhidi ya kosa moja, la kudhani kwamba shule ya bure ni shule ya huruma. Paris inatosha kutuzindua. Marie van Goethem, binti wa fundi cherehani Mbelgiji na mfua nguo, aliingia shule ya Opera mwaka 1878 akiwa na miaka 13 hivi. Ndiye aliyesimama mbele ya mchongaji Edgar Degas kwa ajili ya sanamu ya mcheza densi mdogo wa miaka 14, iliyoonyeshwa mwaka 1881 na kutukanwa na wakosoaji kwamba ana sura ya nyani. Wanafunzi kama yeye waliitwa panya wadogo. Walipata vijisenti kwa maonyesho, wakakatwa faini kwa kuchelewa, na nyuma ya jukwaa palikuwa na ukumbi ambamo wanaume matajiri, wateja wa msimu, waliruhusiwa kuwatazama na kuwazoea. Nao walikuwa walipaji. Marie alifukuzwa mwaka 1882 kwa kukosa madarasa, na habari zake zikapotea. Mdogo wake Charlotte alibaki palepale, akawa mcheza densi na kisha mwalimu kwa miongo mingi. Wote wawili walipita mlango mmoja. Kilichowatenganisha kilitokea baada ya mlango, mahali ambapo usaili hauoni kitu.

Mtu anaweza kusema kwamba mchujo ni jambo la maumbile, kwamba popote watu wanapocheza kwa ustadi lazima wabovu waachwe nje. Historia ya ngoma za pwani yetu inakataa. Vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa makali ambayo yangemtisha hata mwalimu wa Kirusi. Vyama vya beni vya Marini na Arinoti, vilivyosambaa Tanganyika hasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vilikuwa na makamanda, vyeo vya kijeshi na mazoezi ya gwaride. Ustadi ulitakiwa, tena hadharani, na mshindi alijulikana kwa kelele za mtaa. Lakini hakukuwa na daktari mlangoni. Wanachama walichangishana wenyewe, wakashona sare zao, wakapika karamu za kuwaaibisha wapinzani, wakati mwingine hadi wakafilisika. Chama kinachoendeshwa kwa michango kinataka watu wengi, na mwenye viungo vizito ana nafasi yake: atapika, atapiga ngoma, atabeba bendera. Mambo yalibadilika serikali ilipoingia. Tanzania ilipounda kikundi cha taifa cha ngoma katika miaka ya 1960, wachezaji wakawa watumishi wa mshahara, na nafasi zikawa za kuhesabu. Kikundi kilipovunjwa, baadhi ya wasanii wake wakaenda kufundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981, na penye chuo pana fomu za kujiunga. Mtindo ni uleule wa Landé kwa kiwango kidogo: fungu la fedha likiwa na mwenyewe mmoja, anayeingia huchaguliwa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa walimu wa baleti wenyewe. Watasema kwamba kupima nyonga na uti wa mgongo ni kumlinda mtoto: asiyegeuka mguu kutoka nyongani atajilazimisha kwa magoti na vifundo, na kabla ya miaka 18 atakuwa mgonjwa. Ni kweli, na mzazi anayeambiwa hivyo na mtu asiye na faida katika jibu lake asikilize. Ila kipimo hicho kinaona hatari vizuri kuliko kinavyoona kipaji. Agrippina Vaganova alipita usaili huohuo wa St. Petersburg, akahitimu mwaka 1897, kisha akasota kwa karibu miaka ishirini kwa sababu umbo lake halikuwapendeza wakubwa. Cheo cha balerina alikipata mwaka 1915, mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Mwanamke huyo ndiye aliyeunda mfumo wa ufundishaji unaofuatwa leo katika sehemu kubwa ya dunia, na tangu 1957 shule yenyewe inaitwa kwa jina lake. Rudolf Nureyev naye alibisha hodi mwaka 1955, akiwa na miaka 17, umri ambao wenzake wanakaribia kuhitimu. Kwa hesabu ya kawaida ilikuwa hasara kumchukua. Alichukuliwa, na miaka mitatu ikatosha. Sisemi kwamba kipimo ni uongo. Nasema kinajibu swali la mwenye shule, la hatari gani aibebe, na vipaji viwili vikubwa vya karne iliyopita nusura vimpite.

Mlipaji alibadilika waziwazi Marekani. Balanchine alipoalikwa na Lincoln Kirstein kwenda kuanzisha kampuni ya baleti, sharti lake lilikuwa shule ianze kwanza, na School of American Ballet ikafunguliwa New York mwaka 1934. Nchi ile haikuwa na mfalme. Shule iliishi kwa karo, na karo hailipwi na mtoto aliyekataliwa. Hapo ndipo hesabu ilipopinduka: kwa Landé kila mtoto aliyepokewa alikuwa gharama, hapa kila mtoto aliyepokewa ni pato. Kwa muda mfupi fedha za wahisani zilirudisha mtindo wa zamani. Wakfu wa Ford ulianza kugharimia walimu wazunguke miji wakitafuta vipaji, na mwezi Desemba 1963 ukatangaza zaidi ya dola milioni 7 kwa baleti, sehemu kubwa ikienda kwa Balanchine na shule yake, jambo lililozua manung'uniko kwa wengine wote. Msako huo ndio uliomwona binti wa Cincinnati ambaye dunia ilikuja kumjua kama Suzanne Farrell. Kwa kauli ya matumaini tu, mama yake, muuguzi, aliihamishia familia New York, na binti akapimwa na Balanchine siku aliyotimiza miaka 15, Agosti 1960. Alipata ufadhili. Angalia tena mizani, hata hivyo: karo ililipwa na wakfu, lakini pango la nyumba, chakula na zamu za kazi vilikuwa juu ya mama. Kile ambacho Urusi ilikiita bweni kilikuwa kimeshahamia kwenye mkoba wa mzazi.

Wapo watakaojibu kwamba karo imefungua milango, kwamba bila shule za kulipia baleti ingebaki ya mabinti wachache wa ikulu. Nakubali nusu. Watoto wengi zaidi wanacheza leo, na hilo si dogo. Lakini mlango mpana zaidi ninaoujua haukufunguliwa na karo. Arthur Mitchell, Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kupanda hadi safu ya juu ya New York City Ballet, alianza kufundisha watoto wa Harlem katika kipindi kilichofuata mauaji ya Martin Luther King, na mwaka 1969 kampuni ya Dance Theatre of Harlem ikazaliwa. Darasa lilikuwa gereji. Joto lilipozidi, milango iliachwa wazi, wapita njia wakasimama kutazama, na watoto wakaingia kutoka barabarani. Wavulana walioona haya kuvaa soksi ndefu za kubana waliruhusiwa kaptura za jinzi. Walikuwa 30 hivi mwanzoni, baada ya miezi michache wakawa mamia. Mchujo ulikuja baadaye, kwa wale waliotaka jukwaa, baada ya mwalimu kuwaona wakitoka jasho wiki baada ya wiki. Gharama zilitafutwa kwa wahisani, na umaskini uliisumbua kampuni hiyo hadi ikalazimika kusimama kwa miaka kadhaa tangu 2004.

Siku hizi njia ya kawaida kwa kijana mwenye ndoto ya jukwaa kubwa ni mafunzo ya majira ya joto, wiki chache zinazoitangulia shule ya mwaka mzima. Usaili wake hufanyika mji kwa mji, namba zikibandikwa kifuani, na mara nyingi kuna ada ya kusailiwa hata kabla ya kujua matokeo. Shule kubwa, ikiwemo ile ya Balanchine, huwatazama wanafunzi wa majira ya joto ndipo ziteue wa kubaki. Kwa hiyo wiki zile ni darasa na ni usaili kwa wakati mmoja, usaili mrefu unaolipiwa na anayesailiwa. Barua ya kukubaliwa inapofika, sentensi ya kwanza humpongeza mtoto kwa kipaji chake, na ada hutajwa chini zaidi. Mzazi aanze kusoma huko chini: wangapi kati ya waliolipa mwaka jana walibakizwa, wangapi walisamehewa karo, chumba na chakula ni kwa nani, na mtoto akivunjika mfupa wiki ya pili nani atamtibu. Hao watoto 24 wa Landé walikuwa na majibu ya maswali hayo yote siku waliyoingia, na wazazi wao walikuwa watumishi wa ikulu.