Stima Yetu ni Safi. Mbona Mtaa Bado Uko Gizani?

Kuna kitu hunisumbua kila nikisikia wakubwa wakiongea kuhusu kuhamia nishati safi. Wanaongea kana kwamba Kenya ndiyo inafunga viatu ianze safari. Wasee, sisi tulifika kitambo. Karibu asilimia 90 ya stima ya nchi hii inatoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kuna nchi tajiri kule Ulaya zinaitamani hesabu hiyo.

Sasa simama kwenye reli hapa Kibera saa moja jioni uangalie upande wa Lindi. Nyaya zimesukana juu ya mabati kama utando wa buibui. Mama anawasha jiko la makaa mlangoni. Transfoma ikilipuka, tunaweza kukaa siku kadhaa tukichajisha simu kwa jirani wa mtaa mwingine. Nchi ni safi, mtaa ni giza. Hizo mbili zinakaaje pamoja?

Nimeirudia historia ya stima Kenya nikitafuta jibu, na kila nilipogusa nilikuta karatasi. Mitambo tumekuwa nayo, na wataalamu tunao. Kinachotuumiza ni mikataba: kila enzi kuna watu walikaa mezani wakasaini, halafu bili ikaletwa kwa watu ambao hawakuwa mezani.

Kibera ilitangulia taa

Anza na hii: Kibera ni mzee kuliko stima ya Nairobi. Wanubi, askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles waliotoka Sudan, waliwekwa hapa mwaka 1904. Msitu ulikuwa wao, ndiyo maana jina likawa Kibra.

Stima ilikuja baadaye. Historia ambayo Kenya Power yenyewe huisimulia inaanzia Zanzibar mwaka 1875, Sultani Seyyid Barghash alipopata jenereta ya kuwasha jumba lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akainunua, na kampuni ya stima ya Mombasa ikazaliwa. Mwaka huohuo mhandisi Clement Hirtzel akapewa haki ya kipekee ya kusambaza stima Nairobi.

Soma tena hayo maneno: haki ya kipekee. Huo ndio mkataba wa kwanza. Mtu mmoja, mji mzima, na wateja waliolengwa ni ofisi za serikali, maduka na nyumba za wazungu. Mwaka 1922 kampuni za Mombasa na Nairobi zikaungana kuwa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 iligeuzwa jina kuwa Kenya Power and Lighting. Wazee wetu walikuwa wanaishi kilomita chache kutoka mjini, lakini serikali ya kikoloni iliwahesabu kama wapangaji tu ambao wanaweza kuondolewa wakati wowote. Nani angepeleka nguzo ya stima kwa mtu anayesemekana ataondoka kesho? Hati ya ardhi ya jamii ya Wanubi ilitolewa mwaka 2017, na ni ya ekari 288 pekee. Zaidi ya karne moja ya "hii si nyumba yenu" ndiyo ilizaa hizi nyaya unazoziona.

Waya unaopita juu ya kichwa

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa kule Jinja, Uganda. Kenya ikaunda kampuni mpya mwaka huo kwa kazi moja: kujenga laini ya kuleta hiyo stima kutoka Tororo hadi Nairobi. Laini ilipita juu ya mashamba na vijiji vingi vya magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa. Vijiji hivyo viliona nguzo, havikuona taa. Stima ilikuwa ya viwanda vya Nairobi.

Baada ya uhuru tukaenda Mto Tana. Kindaruma ilifunguliwa mwaka 1968, ikafuata Kamburu, Gitaru, Masinga, na Kiambere mwaka 1988. Hiyo ilikuwa kazi kubwa na naiheshimu. Hapo ndipo Kenya ikawa nchi ya stima safi, miaka mingi kabla dunia haijaanza kuhesabu kaboni. Lakini ramani ilibaki ile ya mkoloni: stima ilizalishwa mbali, ikapita juu ya vichwa vya watu, ikashukia kwa wateja wakubwa.

Mwaka 1981 Olkaria ikawasha mtambo wake wa kwanza wa mvuke. Kwa njia, neno "stima" lenyewe limetokana na neno la Kiingereza la mvuke. Yaani jina tulikuwa nalo hata kabla hatujachimba! Kufikia 1985 Olkaria ilikuwa na megawati 45. Halafu? Mtambo mkubwa uliofuata wa serikali, Olkaria II, ulianza mwaka 2003. Karibu miaka 18. Mvuke ulikuwa chini ya miguu yetu wakati wote huo, na sisi tukategemea mvua.

Dizeli na ule mkataba wa "lipa tu"

Mvua ikakataa. Ukame wa 1999 na 2000 ulikausha mabwawa, na Kenya ikaingia kwenye mgao mkali wa stima. Waulize wazazi wako. Jenereta za dizeli zikakodishwa haraka haraka. Tayari tangu katikati ya miaka ya 90 serikali ilikuwa imefungulia milango kampuni binafsi za kuzalisha stima, na za kwanza zilikuja na mitambo ya mafuta.

Hapa ndipo unapaswa kuelewa kitu kimoja ambacho hakuna mtu hukufundisha shuleni. Mkataba wa kampuni kama hizo una malipo mawili. Moja ni ya stima uliyotumia. Nyingine ni ya mtambo kuwa tayari, utumie usitumie. Fikiria umekodisha bodaboda mwezi mzima: hata ukitembea kwa miguu kila siku, jamaa anadai pesa yake.

Nitakuwa mkweli, kuna sababu. Hakuna mtu ataleta mabilioni yake ajenge mtambo bila uhakika wa kulipwa. Na mwaka 2000 ile dizeli iliokoa watu. Shida ni kwamba dharura ya mwaka mmoja hugeuka mkataba wa miaka 20, na mkataba wa miaka 20 hauulizi kama wewe wa Lindi umepata kazi mwezi huu.

Upepo mzuri, karatasi mbaya

Usidhani ni dizeli pekee. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Ulikuwa umekamilika mwaka 2017. Lakini laini ya kuleta stima hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ambayo ilikuwa jukumu la serikali, haikuwa tayari. Mkandarasi wake Mhispania alifilisika katikati ya kazi. Mitambo ikakaa hapo hadi Septemba 2018, na mkataba ukasema Kenya ilipe kwa stima ambayo haikufika kwa mtu yeyote. Upepo ulivuma, tukalipa, taa hazikuwaka.

Na wenye ardhi? Mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi kule Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo, ekari 150,000, zilipatikana kinyume cha utaratibu. Olkaria nako, familia za Wamaasai zilihamishwa mwaka 2014 kupisha mvuke. Nishati safi inaweza kumwaga watu nje kama ile chafu. Sisi wa Kibera tunalijua hilo vizuri, maana tunajua maana ya kuambiwa pisha.

Linganisha na Lamu. Kulikuwa na mpango wa kujenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, katika nchi ambayo haina haja ya makaa ya mawe. Wakaaji wa Lamu hawakungoja bili. Waliusoma mpango, wakaenda mbele ya jopo la kitaifa la mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu mojawapo kubwa: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hiyo ni historia pia, na iliandikwa na watu wa kawaida.

Risiti yako ya tokeni

Turudi mtaani. Miaka ya 2010 kulikuwa na mradi wa kuunganisha mitaa kama yetu kwa usaidizi wa Benki ya Dunia, na ada ya kuunganishwa ikashushwa hadi shilingi 1,160. Mwanzoni walikuja kukata nyaya za sambaza, na nyaya zikarudi. Baadaye wakakaa na watu wa mtaa, wakaongea, na mita nyingi zikaingia.

Lakini mita si mwisho wa hadithi. Angalia risiti ya tokeni. Utaona gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, ushuru wa kupeleka stima mashambani, kodi ya VAT ya asilimia 16. Ile ya fedha za kigeni ipo kwa sababu mikataba na mikopo mingi iko kwa dola na euro. Shilingi ikianguka, kinyozi wa Lindi ambaye hajawahi kushika dola anailipia.

Kuna bei nafuu ya mtu mdogo. Mwaka 2018 ilifika hadi yuniti 100 kwa mwezi. Tangu 2023 mwisho ni yuniti 30. Sasa fanya hesabu ya ploti yetu: vyumba vinane, mita moja. Kila chumba kinatumia kidogo, lakini mita inaona mteja mmoja mkubwa, inamtoza bei ya juu. Maskini wanane wakikaa pamoja, karatasi inawaona tajiri mmoja. Kisha tunashangaa mbona watu wanarudi kwa jamaa wa sambaza, na mbona moto unaanzia kwenye waya ukala safu nzima.

Jikoni ni vilevile. Mwaka 2018 mafuta ya taa yaliongezwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, sababu ikiwa kuzuia wafanyabiashara kuchanganya dizeli. Sawa, basi tuhamie gesi. Julai 2021 gesi ikawekewa VAT ya asilimia 16, ambayo iliondolewa kabisa mwaka 2023. Kati ya hapo mama alienda wapi? Alirudi kwa makaa.

Na Agosti 25, 2023 stima ilipotea nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukawa giza. Siku kumi baadaye Nairobi ikapokea marais kwenye mkutano wa tabianchi wa Afrika, tukasifiwa kwa stima yetu safi. Sifa zilikuwa za haki. Ila hakuna anayepika kwa sifa.

Tudai kuona karatasi

Oktoba 2024 serikali ilisaini mkataba na kampuni ya Adani wa kujenga laini za stima, zaidi ya dola milioni 700. Mahakama ikausimamisha, kelele zikapigwa, na Novemba 21 Rais akaufuta. Watu wa rika letu waliuliza maswali kuhusu karatasi kabla ya bili kufika. Hiyo ndiyo tabia ninayotaka tubaki nayo, hata siku ambayo mkataba una jua na upepo kwenye picha.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hivyo kila mradi mpya ukitangazwa, tuulize manne. Tutalipa hata kama stima haitumiki? Tutalipa kwa pesa gani, shilingi au dola? Laini ikichelewa, hasara ni ya nani? Na wenye ardhi walikubali?

Mimi naongeza la tano, la Lindi: ploti yenye vyumba vinane itahesabiwa kama watu wangapi?