Usafiri wa watalii kwa ndege nchini Brazil

Usafiri wa ndege ndiyo njia kuu ambayo watalii huitumia kufikia vivutio vya Brazil, kwa kuwa vivutio hivyo viko mbalimbali mno. Nchi hiyo ya Amerika Kusini ina eneo la kilomita za mraba milioni 8.5 hivi, yaani karibu mara tisa ya Tanzania, na kutoka kaskazini hadi kusini ina urefu wa zaidi ya km 4,300. Treni za abiria za masafa marefu ni chache sana. Mabasi ni mengi, na kati ya São Paulo na Rio de Janeiro hutumia takriban saa sita. Lakini Manaus, mji mkubwa katikati ya msitu wa Amazon, hauna barabara ya kutegemewa kwenda kusini: barabara ya BR-319 inayoelekea Porto Velho ina sehemu ndefu isiyo na lami ambayo hupitika kwa shida wakati wa mvua. Kwa sababu hiyo wageni wengi hufika Manaus kwa ndege, na kutoka São Paulo safari huchukua saa nne hivi.

Viwanja zaidi ya kimoja katika mji

Jambo linalowakosesha wageni wengi ndege ni kwamba São Paulo na Rio de Janeiro zina viwanja kadhaa vilivyo mbali na vingine.

São Paulo huhudumiwa na viwanja vitatu. Guarulhos (GRU), kilichofunguliwa mwaka 1985, ndicho chenye abiria wengi kuliko vyote nchini na ndicho kinachopokea ndege nyingi za kimataifa. Congonhas (CGH), cha mwaka 1936, kimezungukwa na majengo ya mji, kina safari za ndani na hufungwa usiku. Mwaka 2007 ndege ya kampuni ya TAM ilishindwa kusimama kwenye njia yake ikagonga jengo jirani, watu 199 wakafa. Viracopos (VCP) kiko katika mji wa Campinas, karibu km 100 kutoka São Paulo, na ni kituo kikuu cha kampuni ya Azul. Mtu anayetua Guarulhos huku tiketi yake ya pili ikianzia Congonhas analazimika kuvuka jiji lenye msongamano mkubwa wa magari, hivyo hata saa nne zinaweza zisitoshe. Anayepaswa kwenda Viracopos ana safari ndefu zaidi. Ni vema kuangalia herufi tatu za kiwanja kwenye tiketi, si jina la mji peke yake.

Rio ina Galeão (GIG), kilichoko kwenye kisiwa cha Governador, na Santos Dumont (SDU) kando ya Ghuba ya Guanabara, karibu sana na katikati ya mji. Kati ya Santos Dumont na Congonhas kuna safari zinazofuatana mchana kutwa tangu mwaka 1959. Wenyeji huziita kwa Kireno *ponte aérea*, yaani daraja la anga.

Kuingia nchini na kubadilisha ndege

Kutoka Afrika Mashariki, Ethiopian Airlines huunganisha Addis Ababa na Guarulhos tangu 2013. Abiria anayeendelea na ndege ya ndani kwa kawaida hupita uhamiaji kwenye kiwanja cha kwanza cha Brazil, huchukua mizigo yake, huipitisha forodhani, kisha huikabidhi upya, hata kama tiketi ni moja.

Kanuni za mamlaka ya anga ya Brazil (ANAC) za mwaka 2016 zinadai shirika limpe abiria chakula ndege ikichelewa saa mbili. Ikizidi saa nne, abiria ana haki ya kurudishiwa nauli au kupangiwa ndege nyingine. Hata hivyo aliyenunua tiketi mbili zisizohusiana huhesabiwa kuwa ameikosa ndege ya pili kwa hiari yake, na mara nyingi nauli hiyo hupotea.

Chanjo ya homa ya manjano hushauriwa kwa sehemu kubwa ya nchi, nayo huchomwa angalau siku kumi kabla ya safari. Kenya na Tanzania hudai cheti chake kwa wanaotoka Brazil, kwa hiyo kadi hiyo inahitajika pia wakati wa kurudi.

Vivutio na viwanja vyake

Maporomoko ya Iguaçu yako mpakani na Argentina na kila upande una kiwanja chake: Foz do Iguaçu (IGU) Brazil na Puerto Iguazú (IGR) Argentina. Upande wa Brazil huonyesha maporomoko kwa upana wake, na ule wa Argentina humfikisha mtu karibu na maji. Mwenye viza ya kuingia mara moja tu anapaswa kuuliza kabla ya kuvuka mpaka.

Kinamasi cha Pantanal hufikiwa kupitia Cuiabá au Campo Grande, na wanyama huonekana vizuri zaidi wakati wa kiangazi, kuanzia Julai hivi. Lençóis Maranhenses, eneo la vilima vya mchanga lililoingia Urithi wa Dunia mwaka 2024, hufikiwa kupitia São Luís, na vidimbwi vyake hujaa maji baada ya mvua, hasa Juni hadi Agosti. Visiwa vya Fernando de Noronha hufikiwa kutoka Recife au Natal, na mgeni hulipa ada ya mazingira kulingana na siku atakazokaa. Saa za huko ziko mbele kwa saa moja kuliko za Brasília, wakati Manaus iko nyuma kwa saa moja. Tiketi huandikwa kwa saa za mahali husika.

Hali ya hewa

Ukungu hufunga mara kwa mara kiwanja cha Curitiba, na mvua kubwa huzuia ndege Santos Dumont. Mwezi Mei 2024 mafuriko yalifunika kiwanja cha Porto Alegre. Kwa muda ndege za abiria zilitumia kambi ya jeshi la anga huko Canoas, na kiwanja hakikufunguliwa tena hadi Oktoba mwaka huohuo.