Diski ya Nje na Mwisho wa Mnyororo: Kumbukumbu Fupi ya SCSI

Mwalimu wangu aliyestaafu aliniachia kompyuta ya Macintosh Plus pamoja na diski yake ya nje, ambamo alihifadhi orodha za msamiati wa lahaja alizokusanya kwa miaka mingi. Fundi aliyeitazama alisema diski imekufa. Haikuwa imekufa. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini ilionekana hivyo, kwani naamini makabati ya idara zetu yana diski nyingine zilizohukumiwa vivyo hivyo.

Macintosh ya kwanza, ya mwaka 1984, haikuwa na diski ngumu. Mwaka 1985 Apple walitoa Hard Disk 20, diski ya nje ya megabaiti 20 iliyochomekwa kwenye tundu la kiendeshi cha disketi. Mabadiliko makubwa yalikuja Januari 1986, Macintosh Plus ilipotoka ikiwa na tundu la SCSI, jina ambalo mafundi hulitamka “skazi”. Asili yake ni SASI, iliyobuniwa katika kampuni ya Shugart Associates, na mwaka huo huo wa 1986 SCSI ikawa kiwango rasmi nchini Marekani.

Msingi wake ni mnyororo. Badala ya kila kifaa kuwa na tundu lake, kimoja huunganishwa na kingine hadi vifikie vinane, kompyuta yenyewe ikiwemo. Kila kimoja hupewa namba, 0 hadi 7. Katika Macintosh, kompyuta ni 7, na diski ya ndani, kwa zile zenye nayo, ni 0. Namba za vifaa vya nje huwekwa kwa mkono, kwa swichi ndogo iliyo nyuma. Viwili vikiwa na namba moja ni sawa na darasa lenye wanafunzi wawili waitwao Juma: mwalimu akiita, wote huitika, na kompyuta hukwama.

Gumu zaidi ni mwisho wa mnyororo. Ishara ya umeme ikifika ncha ya kebo bila kupokelewa hurudi nyuma kama mwangwi, ikachanganyika na zinazofuata. Ndiyo maana ncha zote mbili huhitaji kidude chenye ukinzani, kiitwacho terminata. Nilipowaomba wanafunzi watafsiri neno hilo, wengi walisema “kikomeshi”, mmoja akasema “kizibo”. Yote mawili yanapotosha. Anayedhani kidude hicho huziba kitu atakichomoa ili umeme “upite”, na hapo ndipo anapoharibu. Kazi yake ni kumeza mwangwi, nami napendekeza “kifyonzi”.

Plus ilikuwa na kasoro yake: haikupeleka umeme wa kukilisha kifyonzi, hivyo ilibidi kifaa cha nje kiutoe. Diski isiyoutoa iligoma kwenye Plus, ikakubali kwenye Macintosh SE. Si ajabu mafundi wa Kimarekani walitaniana kwamba SCSI ikikataa achinjwe mbuzi!

Mwenye mashine ya namna hii azime kila kitu kabla ya kugusa kebo. Kisha awashe diski kwanza, asubiri izunguke kwa kasi yake, ndipo awashe kompyuta. Asidanganyike na kebo ya printa ya kompyuta za aina ya IBM; plagi yake ina pini 25 vilevile, lakini mpangilio wa nyaya ni mwingine kabisa.

Diski ya mwalimu wangu ilikuwa imewekwa namba 7, ile ya kompyuta yenyewe. Pengine swichi iliguswa wakati wa kuhama ofisi. Niliiweka 5, na picha ya diski ikatokea kwenye skrini.

Imebaki kuyahamisha maandishi. Plus huandika disketi za kilobaiti 800, ambazo viendeshi vya kawaida vya PC haviwezi kuzisoma, na iMac ya mwaka 1998 ilikuja bila SCSI wala kiendeshi cha disketi. Natafuta basi Macintosh ya kati ya miaka ya 1990 iliyo na vyote viwili. Mwenye nayo anijulishe idarani.