Kabla Hajaitwa Mister

Wazee waliofanya kazi kwenye nyumba za Wazungu zamani za ukoloni wanalikumbuka neno "boi". Boi alikuwa mtu mzima, pengine na wajukuu kijijini, lakini maadamu alipika, akafua na kupiga pasi kwa bwana, jina lake lilibaki hilo. Kiswahili kililimeza neno, kikalizoea, likapoteza ukali. Kusini mwa Marekani halikuupoteza. Kule mwanamume mweusi aliitwa "boy" tangu utotoni, na mvi zilipomtoka akaitwa "uncle", yaani mjomba, bila kupitia pale katikati ambapo wanaume wengine huitwa "Mister". Wanawake nao walinyimwa heshima hiyohiyo. Mwaka 1963, katika mahakama moja ya Alabama, mwanaharakati Mary Hamilton alikataa kujibu maswali mpaka mwendesha mashtaka amwite Miss Hamilton. Alipewa siku 5 jela na faini ya dola 50, na ikabidi shauri lipande hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1964, ndipo adhabu ikafutwa.

Kwa hiyo halikuwa jambo dogo Chuo Kikuu cha Clemson, huko South Carolina, kilipobuni mpango wa kuandaa walimu wanaume weusi wa shule za msingi na kuuita Call Me MISTER, "Niite Bwana". Clemson ilishirikiana na vyuo vitatu vilivyoanzishwa kwa ajili ya watu weusi: Benedict, Claflin na Morris. Wakati huo, karne ya 20 ikifikia ukingoni, walimu wa aina hiyo hawakufika hata 1 katika kila 100 kwenye shule za msingi za jimbo lile, ingawa zaidi ya theluthi ya wanafunzi walikuwa weusi.

Habari nyingi za mipango kama hii hupenda neno "kuhamasisha", kana kwamba ualimu ulikuwa umekaa mlango wazi na wanaume weusi wakapita nje wakiangalia pembeni. Ukifuatilia historia ya South Carolina yenyewe, unakuta mlango ule ulikuwa ukifungwa, ukifunguliwa kidogo, ukifungwa tena.

Anzia Charleston. Mjini humo kulikuwa na Avery, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1865 na kuandaa walimu weusi kizazi baada ya kizazi. Hata hivyo, hadi mwaka 1920 shule za serikali za mji huo hazikuwaajiri, hata katika madarasa ya watoto weusi. Aliyehitimu ilimbidi aende kufundisha mashambani au visiwani. Septima Clark, ambaye baadaye angekuwa mmoja wa wanawake mashuhuri wa harakati za haki, alianzia Kisiwa cha Johns mwaka 1916 kwa sababu hiyo. Mwaka 1919 chama cha NAACP, kilichopigania haki za Wamarekani weusi, kikapitisha karatasi za saini nyumba kwa nyumba, naye akiwa miongoni mwa waliogonga milango, na saini takribani 10,000 zikakusanywa. Mwaka uliofuata walimu weusi wakaingia.

Waliingia kwa mshahara wa chini. Mwaka 1944 na 1945 mahakama ya shirikisho, chini ya Jaji Waties Waring, ikaamua kwamba kulipa walimu kwa rangi ni kinyume cha sheria. Jibu la jimbo lilikuwa la kijanja: kuanzia mwaka 1945 likaleta mtihani wa kitaifa wa walimu, na mshahara ukafuata daraja la alama. Watu waliosomeshwa katika shule zilizonyimwa fedha maisha yao yote wakapimwa kwa mizani moja na waliosomeshwa vizuri, na pengo likarudi likiwa limevaa suti. Suala hilo lilifika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1978 iliuacha mtihani uendelee.

Lakini kama ningetakiwa kuchagua mtu mmoja wa kubeba historia hii, ningemchagua Joseph DeLaine.

DeLaine alikuwa mchungaji wa AME, kanisa la Wamethodisti weusi, na mwalimu mkuu wa shule ndogo ya vijijini katika kaunti ya Clarendon. Mkewe Mattie naye alikuwa mwalimu. Watoto weupe wa kaunti hiyo walikuwa na mabasi 30. Weusi hawakuwa na hata moja, na wapo waliotembea karibu kilomita 14 kwenda shule. Wazazi wakachangishana wakanunua basi kuukuu lililoharibika kila mara, kisha wakaomba angalau wapewe mafuta. Wakakataliwa. Katika mwaka wa masomo wa 1949–50, kaunti ilitumia dola 179 kwa kila mtoto mweupe na dola 43 kwa mweusi.

Wazazi waliposaini ombi la kutaka usawa, mwaka 1949, kisasi kilikuja mmoja mmoja. Harry Briggs, ambaye jina lake liliongoza orodha, alikuwa akifanya kazi kituo cha mafuta. Alifukuzwa mkesha wa Krismasi. Mkewe Eliza naye alipoteza kazi ya usafi katika nyumba ya wageni. DeLaine alivuliwa ualimu. Mwaka 1951 nyumba yake ya Summerton iliteketea huku watu wa zimamoto wakiwa wamesimama wanatazama. Walisema iko nje ya mpaka wa mji. Kanisa lilimhamishia Lake City. Huko nako, usiku wa tarehe 10 Oktoba 1955, gari lilipita likiifyatulia risasi nyumba yake. DeLaine alijibu kwa bunduki yake, na baadaye akaeleza kuwa alitaka kuliwekea gari alama ili polisi walitambue. Hati iliyotolewa ilikuwa ya kumkamata yeye. Akakimbilia New York, na huo ukawa mwisho wake wa kuishi South Carolina.

Shauri la akina Briggs liliunganishwa na mengine manne, likiwemo lile la Topeka, Kansas, lililoyapa yote jina la Brown. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kutenga shule kwa rangi ni kuvunja katiba.

Hapa vitabu vingi vya shule hufunga ukurasa kwa shangwe, na ninafikiri vinakosea. Wakati huo Wamarekani weusi takribani 82,000 walikuwa walimu. Mwaka mmoja kabla ya hukumu, mkuu wa elimu wa Topeka alikwisha kuwaandikia baadhi yao barua, kwamba mahakama ikiharamisha ubaguzi hawataajiriwa tena, kwa kuwa wakazi wengi wa mji hawatataka watoto weupe wafundishwe nao. Ndivyo ilivyokuwa sehemu nyingi. Shule zilipounganishwa, iliyofungwa ilikuwa ya weusi. Katika majimbo 17 ya kusini na mpakani, walimu na wakuu wa shule weusi wapatao 38,000 walipoteza kazi kati ya 1954 na 1965. South Carolina haikusubiri hata kuunganisha shule: mwaka 1956 ilipiga marufuku mwanachama wa NAACP kuajiriwa na serikali. Mjini Elloree walimu 21 waliokataa kujieleza kuhusu chama hicho walitolewa. Septima Clark, baada ya miaka 40 kazini, alifukuzwa na pensheni ikapotea.

Kusema kweli, hata zamani zile walimu wengi wa madarasa ya chini walikuwa wanawake, kama Marekani yote tangu karne ya 19, bodi za shule zilipogundua kuwa mwanamke angeweza kulipwa nusu. Wanaume walikuwa zaidi sekondari na katika kiti cha mwalimu mkuu. Ila mwalimu mkuu wa shule ya weusi ndiye aliyemwona kijana mwenye kipaji, akamwandikia barua ya chuo, akamtafutia nafasi arudi kufundisha. Alipoondolewa kitini, au kupewa jukumu la kugawa vitabu katika shule ya mkuu mweupe, vijana nao walikuwa wakitazama. Na milango ya taaluma nyingine ilipofunguka baada ya sheria ya haki za kiraia ya 1964, yenye mishahara minono zaidi, hawakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Katika mwaka wa masomo wa 2020–21, wanaume weusi walikuwa asilimia 1.3 ya walimu wote wa shule za umma nchini humo. Gharama ya uhaba wa walimu weusi imepimwa: utafiti wa mwaka 2017, uliotumia kumbukumbu za North Carolina, ulikuta kwamba mvulana mweusi wa familia maskini aliyefundishwa na mwalimu mweusi hata mmoja kati ya darasa la 3 na la 5 alikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 39 wa kuacha sekondari. Mwaka 2011 Waziri wa Elimu Arne Duncan alikwenda chuo cha Morehouse pamoja na mtengeneza filamu Spike Lee kuwasihi vijana waingie ualimu. Aliyemrithi wizarani, John King, alizungumzia "kodi isiyoonekana" wanayotozwa wakishaingia. Ni kodi ninayoiona kubwa kuliko mshahara mdogo: mtundu wa kila darasa hupelekwa kwa mwalimu huyo mmoja, naye anageuzwa askari wa shule wakati alisomea kufundisha kusoma na kuhesabu.

Clemson wanalijua hilo, nadhani, ndiyo maana vijana wa Call Me MISTER husoma kwa makundi, wakisaidiana, na kila mwaka wa msaada wa ada hulipwa kwa mwaka mmoja wa kufundisha. Chuo chenyewe kimejengwa juu ya shamba la John C. Calhoun, mtetezi mkubwa wa utumwa, na mwanafunzi mweusi wa kwanza, Harvey Gantt, aliingia mwaka 1963 kwa amri ya mahakama.

DeLaine alifariki mwaka 1974. Hati ya kumkamata ilibaki hai hadi Oktoba 2000, South Carolina ilipoifuta, wakati jimbo hilohilo likitafuta walimu wanaume weusi kwa tochi.