Kupanda Ruwenzori: mwili unaomba siku

Kilele cha Margherita, mu milima ya Ruwenzori, kiko kwenye mpaka wa Kongo na Uganda, na urefu wake ni mita 5109. Mwitalia Luigi Amedeo na wenzake walifika pale mwaka 1906, wakitokea upande wa Uganda. Upande wetu, njia inaanzia Mutwanga, teritware ya Beni.

Miguu yenye nguvu haitoshi. Juu kule, kila pumzi inaingiza karibu nusu tu ya oksijeni ambayo mtu wa kando ya bahari anapata. Moyo unapiga haraka, usingizi unakimbia, kichwa kinauma. Mwili unajua kujipanga: unapumua zaidi, na kisha siku nyingi unaongeza chembe nyekundu za damu. Lakini inaomba siku, si masaa. Kijana wa mpira mwenye kupanda mbio anaweza kugonjwa kupita mzee anayeenda polepole, na mara nyingi ndiye anasikia haya kusema.

Kichwa kikiuma na kutapika, usiendelee kupanda. Mtu akianza kuyumba sawa mlevi, kuchanganyikiwa, ao kukosa pumzi hata amekaa, ashushwe palepale, hata usiku. Pengine maji imeingia mu mapafu, ao ubongo umevimba, na hiyo inaua haraka.

Kwa afya ya kila siku, kilele si lazima. OMS inaomba mtu mzima afanye mazoezi dakika 150 mpaka 300 kwa juma: kutembea haraka, kulima, kusukuma chukudu, yote inahesabiwa.