Mizani ya Vitabu vya Mazoezi ya Ala za Kupuliza

Jioni, nisahihishapo madaftari nyumbani kwangu mtaani Buyenzi, hapa Bujumbura, humsikia kijana wa jirani akijifunza klarineti. Hurudia vipande viwili. Cha kwanza ni noti zipandazo na kushuka, mithili ya mtu anayehesabu kwa sauti. Cha pili ni cha polepole, nacho kikianza kalamu yangu husimama. Vyote viwili vimetoka katika vitabu vya mazoezi. Je, ni kwa mizani gani tuseme kwamba hiki ni muziki na kile sicho?

Wako wasemao kuwa zoezi ni zoezi tu, halina haja ya uzuri. Jawabu hilo halinitoshi, na historia ya vitabu hivyo yalipinga.

Mwaka 1843 Hyacinthe Klosé alitoa huko Paris kitabu mashuhuri cha kufundishia klarineti. Miaka minne kabla, klarineti yenye mpango mpya wa vibonye, aliyoibuni pamoja na fundi Buffet, ilikuwa imeonyeshwa mjini humo. Vidole vilipaswa kufundishwa upya; ndiyo sababu kitabu kina kurasa nyingi za kuvizoeza. Zina manufaa makubwa, lakini zimefungamana na vibonye vile. Mpigaji wa ala nyingine hana la kupata humo.

Sasa tumtazame Mjerumani Ferling, mpigaji wa oboi wa mji wa Braunschweig. Oboi ni jamaa ya zumari ya pwani, maana zote hupulizwa kwa ulimi wa matete mawili. Ferling alitunga mazoezi 48, la polepole likifuatwa na la haraka. Baadaye Cyrille Rose, mwalimu wa klarineti mjini Paris, aliyatwaa mengi, akayachonga upya, na kutoa kitabu cha mazoezi 32 kinachotumika hata leo. Mwaka 1946 Marcel Mule akayatoa yale 48 kwa saksofoni, akiongeza 12 mapya.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Oboi ikikazwa pumzi hurukia noti ya 8. Klarineti hurukia ya 12. Kwa hiyo vidole vya Ferling havikuweza kuvuka kwenda kwa Rose. Kilichovuka ni lahani, na mahali pa kuvutia pumzi. Zoezi lililohama ala na bado likapendwa, thamani yake haikuwa vidoleni. (Nakiri kuwa kipimo hiki chaweza kuyaonea mazoezi ya haraka, ambayo mengine ni mazuri sana.)

Mchungaji wa Burundi apigaye umwironge, filimbi yetu ya asili, hakuwa na kitabu. Aliusikia wimbo mzima kwanza, vidole vikaufuata. Nasi walimu wa Kiswahili, ni mara ngapi tumempa mwanafunzi sentensi ishirini za kubadili nyakati, ambazo hakuna binadamu angezitamka?

Juzi nilimwuliza kijana yule ni kipande kipi mwalimu wake humpa alama. Akasema, kile cha kwanza. Nikamwomba aniimbie vyote viwili kwa mdomo, bila kitabu. Kile cha polepole, cha Rose, alikiimba hadi mwisho. Cha kwanza alikianza, akakwama, akacheka.