Makaa ya Kismayo na jiko la Shauri Moyo



Juzi nilinunua mfuko wa makaa dukani hapa Muhaisnah, ya kuchomea mishkaki. Mfuko una picha ya moto, uzito umeandikwa, bei pia. Mti uliokatwa hautajwi, wala nchi ulikokatwa. Mwenye duka simlaumu, huenda makaa yake hayana neno. Lakini mtu wa pwani akishika makaa Dubai lazima ajiulize, maana majahazi yetu tunayajua yamebeba nini.

Zamani yalibeba boriti. Mikoko ya Lamu na Rufiji ndiyo iliyobeba dari za nyumba za Ghuba, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982. Kisha Somalia ikavunjika mwaka 1991, na makaa ya migunga ya kusini yakapata soko kubwa huku kwetu. Tarehe 22 Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2036 kuyazuia, kwa kuwa sehemu ya fedha zake ilikuwa ikiingia mifukoni mwa Al-Shabaab. Mwaka huo huo majeshi ya Kenya na wenzao yakaingia Kismayo. Je, biashara ilikoma? Wapi! Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliendelea kuripoti, miaka na miaka, makaa yakishushwa Ghuba kwa karatasi za kughushi. Mara yakaitwa ya Komoro, mara ya kwengineko.

Sasa nije kwenye jiko, maana hapo ndipo nna ugomvi na historia tuliyozoea kuisoma. Huambiwa kwamba jiko la udongo linalookoa makaa ni zawadi ya wafadhili. Hiyo ni nusu ya kweli. Jiko la bati lenyewe, wengi husimulia, lilikuja na mafundi wa Kihindi waliojenga reli ya Mombasa mwishoni mwa karne ya 19. Na wazo la kutia udongo ndani lilitoka Thailand, kwenye jiko lao la ndoo, likapata msukumo Nairobi baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa wa nishati mbadala, Agosti 1981. Kwa hiyo baba na mama wa jiko letu wote walivuka Bahari ya Hindi.

Lakini jiko la Thailand halikuingia hivi hivi. Udongo uliojaa mpaka chini ulikuwa mzito na ulipasuka. Wahandisi na mafundi wa Nairobi, pamoja na wale wagonga mabati wa jua kali pale Shauri Moyo, wakaja na umbo jipya: bati limebanwa kiunoni, juu na chini limepanuka kama suruali za bugaluu, na udongo umewekwa sehemu ya juu tu, ukashikwa kwa saruji. Bati tupu hutupa joto ubavuni. Udongo hulizuia na kulirudisha kwenye sufuria. Wapimaji walipata akiba ya robo hadi karibu nusu ya makaa. Na liliuzwa sokoni kama bidhaa nyingine yoyote, mama akilinunua kwa sababu gunia lilimfikisha mbali zaidi. Ethiopia wakalitengeneza la kwao, wakaliita Lakech.

Hapa ndipo hesabu inaponikera. Tanuri la udongo la porini hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makaa kwa kila kilo 100 za mti. Yaani hasara kubwa imekwisha tokea kabla gunia halijashonwa! Miaka arobaini tunamhubiria mama wa Kariobangi au Manzese aokoe makaa, na mchomaji porini hakuna aliyemjali kiasi hicho. Tanzania nayo imeelekea upande wa jikoni: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024. Sawa, sipingi. Lakini mti wa Kismayo haukupikia ugali wa mtu. Uliletwa huku kwa ajili ya shisha na nyama choma, starehe zetu sisi, na katika vitabu vya jiko bora sijaona ukurasa unaotuhesabu.

Jiko langu nililetewa kutoka Mombasa ndani ya sanduku, limezungushiwa kanga mbili. Lilifika na ufa mmoja, nikaukandika saruji. Mishkaki ya juzi ilikula kama theluthi ya mfuko. Uliobaki nimeuweka barazani. Nimeugeuza tena kuutazama nyuma, na pale pana jina la muagizaji tu.